Mtoto Mchanga Anapopumua kwa Shida: Yampasayo Mzazi Kuyajua na Kuyauliza

Utangulizi

Mtoto anapozaliwa, jambo la kwanza ambalo kila aliyemo chumbani hulisubiri ni sauti yake. Kilio hicho ni habari njema, lakini hakitoshi kuwa dhamana. Wapo watoto waliolia vizuri walipozaliwa, kisha baada ya saa chache wakaanza kupumua kwa shida. Na mtoto anayepumua kwa shida aghalabu halii, kwa sababu hana pumzi ya kulilia. Hukaa kimya, na watu wazima wakadhani ametulia.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wazazi, na pia kwa bibi, shangazi na jirani wanaomsaidia mama katika siku za uzazi. Tunakusudia kueleza mambo matatu: namna mapafu ya mtoto mchanga yanavyoanza kazi na sababu zinazoyafanya yasinyae, namna ambavyo mtu yeyote mwenye macho na saa anaweza kutambua hatari, na huduma ambazo mtumiaji anastahili kuziuliza katika kituo cha afya. Hatukusudii mzazi achukue nafasi ya daktari. Tunakusudia afike kwa daktari mapema, akiwa na maneno ya kueleza alichokiona.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walifariki duniani kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka huohuo ulionesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Miongoni mwa sababu kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Sababu zote hizo tatu huonekana katika upumuaji.

Mapafu yanavyoanza kazi

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu, na mapafu yake yamejaa maji. Uchungu wa uzazi unapoanza, mwili wa mtoto hupata ishara ya kuanza kuyafyonza maji hayo. Akishazaliwa, pumzi zake za kwanza huyasukuma maji yaliyobaki yaingie katika damu, na hewa ikachukua nafasi yake. Kazi hiyo, ambayo hakuwahi kuifanya kabla, yampasa aianze ndani ya dakika moja.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno vya hewa, na kuta zake zina unyevu. Ukichukua karatasi mbili za nailoni, ukazilowesha na kuzigandanisha, utaona jinsi ilivyo vigumu kuzitenganisha. Vifuko vya mapafu navyo vingegandamana hivyo hivyo kila mtoto anapotoa pumzi, kama pasingekuwa na kinga. Kinga yenyewe ni utando mwembamba wa mafuta na protini ambao mapafu hujitengenezea. Wataalamu huuita safaktanti. Utando huu hufanya kazi inayofanana na ya sabuni katika maji: hulegeza mvutano, vifuko vikabaki wazi hata pumzi inapotoka.

Mapafu huanza kutengeneza safaktanti katika wiki za katikati ya mimba, ila kiasi cha kutosha hupatikana aghalabu baada ya wiki ya 34. Ndiyo maana wiki moja au mbili za kukaa tumboni zinaweza kubadili kabisa hali ya mtoto. Watoto wengi hulivuka daraja hili bila msaada, lakini takriban mmoja kati ya kumi huhitaji msaada wa namna fulani ili aanze kupumua. Kwa wengi wao hutosha kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache huhitaji kusukumiwa hewa kwa mfuko na barakoa.

Kwa nini mapafu husinyaa

Watu husema kwa jumla kwamba "pafu limesinyaa", lakini njia zinazofikisha huko si moja, na tiba zake hazifanani. Tutaeleza tano ambazo mzazi anaweza kuzisikia zikitajwa wodini.

Ya kwanza ni upungufu wa safaktanti. Huwapata hasa watoto njiti. Vifuko vya hewa husinyaa kila pumzi inapotoka, na mtoto hulazimika kuvifungua upya kwa nguvu zake zote, mara sitini au sabini kwa dakika, hadi anachoka. Dalili huanza mara tu baada ya kuzaliwa au katika saa chache za mwanzo. Watoto wa mama wenye kisukari wanaweza kupatwa na hali hii hata wakizaliwa karibu na wakati wao.

Ya pili ni maji kuchelewa kutoka mapafuni. Huonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza, kwa kuwa walikosa ile ishara ya kuyafyonza maji. Mtoto hupumua haraka haraka, na wengi hupata nafuu ndani ya siku moja hadi tatu. Hata hivyo, hakuna anayeweza kujua nyumbani kwamba haraka hiyo ni ya maji tu.

Ya tatu ni kuvuta kinyesi. Mtoto aliyetaabika tumboni anaweza kutoa kinyesi chake cha kwanza ndani ya maji ya uzazi, kisha akakivuta. Kinyesi hicho ni kizito na hunata. Mahali kinapoziba njia kabisa, hewa iliyobaki mbele yake hufyonzwa na sehemu hiyo ya pafu ikasinyaa. Mahali kinapoziba nusu, hewa huingia bila kuweza kutoka, na vifuko vikavimba. Mama aliyeona maji ya kijani au ya kahawia chupa ilipopasuka hana budi kumwambia mhudumu mara moja.

Ya nne ni maambukizi ya mapafu au ya damu. Hatari huwa kubwa zaidi ikiwa chupa ilipasuka muda mrefu kabla ya kujifungua, au ikiwa mama alikuwa na homa wakati wa uchungu. Maambukizi yanaweza kuanza siku ya kwanza, na yanaweza pia kuanza wiki ya pili, wakati familia imekwisha kutulia nyumbani.

Ya tano ni hewa kuvuja nje ya pafu, hali ambayo madaktari huiita nyumothoraksi. Kifuko kimoja au zaidi hupasuka, hewa ikatoka na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Ikiwa nyingi, hulikandamiza pafu hadi likasinyaa. Hutokea mara nyingi zaidi kwa watoto ambao tayari wana mojawapo ya hali tulizozitaja, au waliosukumiwa hewa kwa nguvu, ingawa mara chache humpata hata mtoto aliyezaliwa salama. Dalili yake kuu ni mabadiliko ya ghafla: mtoto aliyekuwa na nafuu anaanza kuhema, rangi inabadilika, na pengine upande mmoja wa kifua unaonekana kuinuka kuliko mwingine. Uvujaji mdogo unaweza kupona wenyewe mtoto akiwa chini ya uangalizi. Mkubwa hutibiwa kwa kuitoa hewa hiyo kwa sindano au mrija mwembamba, na nafuu inaweza kuonekana papo hapo.

Namna ya kutazama na kuhesabu

Mzazi hawezi kuona ndani ya pafu, lakini anaweza kuona jitihada za mtoto. Fanya hivi mtoto akiwa ametulia, hali wala hanyonyi. Mfunue kifua na tumbo mahali penye mwanga na pasipo baridi. Chukua saa au simu inayoonesha sekunde. Tazama tumbo linavyopanda na kushuka. Kila kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika kisha ukazidisha, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio ulio sawa: anaweza kwenda mbio kidogo, akatua kwa sekunde chache, kisha akaendelea. Kutua huko kwa sekunde tano hadi kumi, bila kubadilika rangi, ni kawaida.

Mtoto mchanga mwenye afya hupumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Ikiwa hesabu ya pili nayo imefika 60 au zaidi, mpeleke kituoni.

Hesabu peke yake haitoshi. Tazama pia dalili hizi, ambazo kila moja inatosha kukuondoa nyumbani:

1. Kifua kubonyea. Mtoto anapovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua au nafasi kati ya mbavu huingia ndani kwa kina.
2. Kuguna. Kila anapotoa pumzi hutoa sauti fupi ya mguno. Wengi hudhani anakoroma kwa usingizi mzuri. Kwa kweli anabana koo ili azuie hewa isitoke yote, vifuko vya mapafu visije vikajifunga. Mguno wa mfululizo ni ombi la msaada.
3. Pua kutanuka kila anapovuta pumzi.
4. Rangi ya bluu au ya kijivu mdomoni. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi rangi ya ngozi inaweza kudanganya, hivyo tazama ulimi na ufizi. Viganja na nyayo kuwa na rangi ya bluu kidogo katika siku ya kwanza si jambo la kutisha, lakini ulimi wa bluu ni dharura.
5. Kutua bila kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi zaidi lakini akabadilika rangi au kulegea.
6. Kushindwa kunyonya, au kuachia titi kila mara ili ahemee.
7. Mwili kuwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au kuwa wa baridi chini ya nyuzi 35.5, kulegea, kutocheza mpaka aguswe, au degedege.

La kufanya kabla ya kufika kituoni

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili kungoja asubuhi kunaweza kugharimu uhai. Mtoto mchanga hana akiba kubwa ya nguvu: misuli yake ya kupumulia huchoka, na akishachoka hali hubadilika kwa muda mfupi.

Mkaushe, mvalishe kofia na soksi, kisha mweke kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kumfunika mgongoni kwa khanga na blanketi. Baridi humfanya atumie oksijeni nyingi zaidi. Uso wake ubaki wazi, kichwa kigeukie upande mmoja, na kidevu kiinuke kidogo, kisilale juu ya kifua chake. Ikiwa anahema sana au anaguna, usimlazimishe kunyonya wala kumnywesha kitu, maana kinaweza kuingia mapafuni.

Tafuta usafiri mara moja. Nchini Tanzania ipo namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama, unaoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Iandikeni ukutani kabla mtoto hajazaliwa.

Akiacha kupumua, nyoosha shingo yake taratibu na umsugue mgongo. Asipoitikia, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi ndogo ndogo zinazotosha kuinua kifua chake tu, huku wengine wakitafuta msaada.

Yapo pia mambo yasiyofaa. Usimning'inize kichwa chini wala kumchapa. Usimfukize kwa moshi wa aina yoyote. Usimpake puani au kifuani dawa za kuchua zenye harufu kali. Zinaweza kumwasha njia za hewa na kuzidisha shida. Usimlambishe asali, mafuta wala dawa ya kikohozi. Usimpe viuavijasumu vilivyobaki kwa mtoto mwingine.

Katika soko la leo hutangazwa vifaa vingi vya kumsikiliza mtoto pumzi, vya kumpima oksijeni na vya kumpulizia mvuke. Tunamtahadharisha mtumiaji. Kipima oksijeni cha kubana kidole cha mtu mzima hakikutengenezwa kwa mguu wa mtoto wa kilo mbili, na kinaweza kuonesha namba nzuri ilhali mtoto yu hatarini. Oksijeni nayo ni dawa, yenye kipimo chake. Katika miaka ya 1940 na 1950, maelfu ya watoto njiti duniani walipofuka kwa kupewa oksijeni bila kiasi. Kabla ya kununua kifaa tiba chochote, uliza kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kama kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Hata kikiwa halali, kisikuzuie kwenda kituoni pale macho yako yanapoona hatari.

Huduma unazostahili kuziuliza

Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati. Mtoto huyo alifariki siku ya pili baada ya kuzaliwa, kwa ugonjwa wa upungufu wa safaktanti. Mali na madaraka ya baba yake havikumfaa, kwa kuwa tiba ilikuwa bado haijapatikana. Chanzo cha ugonjwa kilikuwa kimetambuliwa mwaka 1959 tu, na Mary Ellen Avery na Jere Mead. Tiba zenyewe zilifuata: mwaka 1971 George Gregory na wenzake walieleza njia ya kuyaacha mapafu wazi kwa kumpa mtoto hewa yenye mgandamizo wa kudumu, mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionesha faida ya kumchoma mama sindano za steroidi kabla ya kujifungua njiti, na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alieleza matumizi ya safaktanti inayowekwa moja kwa moja mapafuni.

Tunayataja haya ili msomaji ajue kwamba sehemu kubwa ya msaada unaohitajika leo si siri ya matajiri. Baadhi yake ni mikono iliyofundishwa tu. Katika hospitali 8 za Tanzania, wakunga walipofundishwa kumkausha mtoto, kumsisimua na kumsukumia hewa kwa mfuko ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2013.

Mtoto akifikishwa kituoni akiwa na shida ya kupumua, mambo ya msingi ni haya: apimwe pumzi, joto, sukari na kiwango cha oksijeni kwa kifaa chenye ukubwa unaomfaa, apewe oksijeni kwa kipimo, apatiwe joto, na achunguzwe kama ana maambukizi. Panapohitajika na panapowezekana, atapigwa eksirei ya kifua. Mtoto ambaye mapafu yake yanasinyaa anaweza kuwekewa mrija mfupi puani unaopeleka hewa yenye mgandamizo; wahudumu huuita sipapu, na mara nyingi utauona umeunganishwa na chupa ya maji yenye mapovu. Mapovu hayo si hitilafu. Ndiyo yanayoonesha kwamba mgandamizo upo, kwa hiyo yakikoma, mwite muuguzi.

Ikiwa kituo hakina huduma hizo, mtoto hupewa rufaa. Rufaa si kufukuzwa. Ni sehemu ya tiba. Uliza: Je, kituo tunachokwenda kimepigiwa simu? Atasafiri na oksijeni? Nani atamsindikiza? Barua ya rufaa imeandika dawa alizopewa na saa alizopewa?

Baada ya hapo kuna huduma ambayo mama mwenyewe ndiye kifaa chake, nayo ni njia ya kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusu watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Walioanza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itengemae, walifariki 12 katika kila 100. Waliongojea, walifariki takriban 16. Kwa hiyo mama ana haki ya kuuliza: "Je, naweza kumbeba kifuani sasa?"

Twajua kwamba wengi huona haya kuuliza, wakiogopa kuonekana wasumbufu au kukaripiwa. Mficha uchi hazai. Sema kwa adabu, na useme ulichokiona badala ya kusema tu "mtoto hajisikii vizuri". Kwa mfano: "Sista, shikamoo. Naomba umtazame mtoto wangu. Nimemhesabia pumzi mara mbili, zimepita sabini kwa dakika, na mbavu zinaingia ndani." Maneno haya mhudumu hawezi kuyapuuza kwa urahisi, kwa sababu ndiyo yale aliyofundishwa kuyatafuta. Usiposikilizwa, omba kumwona mganga mfawidhi wa kituo au afisa ustawi wa jamii. Mtoto anayeshindwa kupumua ni dharura: huduma hutangulia, hesabu za malipo hufuata. Malalamiko mengine yaandikwe baadaye, yakiwa na tarehe na saa, yapelekwe kwa uongozi wa kituo.

Kinga huanza kabla ya kujifungua

Mama aanze kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, na aikumbuke tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Tarehe hiyo si jambo la kujaza kadi tu. Sindano za steroidi zinazoharakisha kukomaa kwa mapafu hutolewa kwa mama aliye katika hatari ya kujifungua kati ya wiki ya 24 na ya 34, mahali penye uwezo wa kumhudumia yeye na mtoto. Umri wa mimba usipojulikana, uamuzi huwa mgumu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulithibitisha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya watoto njiti ikitolewa kwa masharti hayo.

Uchungu ukianza mapema, au chupa ikipasuka kabla ya wakati, mama aende hospitali saa hiyohiyo, si baada ya kumaliza kazi za nyumbani. Na ikiwa familia inapanga upasuaji usio wa dharura, isichague tarehe kwa sababu ya likizo au safari. Pasipo sababu ya kitabibu, upasuaji wa kupanga usubiri hadi wiki ya 39, kwa kuwa kila wiki inayopunguzwa huongeza uwezekano wa mtoto kupumua kwa shida. Muulize daktari: "Mimba ina wiki ngapi, na kuna sababu gani ya kutosubiri?"

Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini

Baada ya kujifungua salama, mama na mtoto wanatakiwa kukaa chini ya uangalizi kwa angalau saa 24. Kabla ya kuondoka, muulizeni mhudumu maswali haya, na majibu yaandikwe katika kadi:

1. Mtoto alilia mara moja, au alisaidiwa kupumua?
2. Pumzi zake ni ngapi kwa dakika leo?
3. Amenyonya vizuri bila kuhema?
4. Je, kuna jambo katika uzazi huu linaloongeza hatari ya maambukizi?
5. Turudi lini kwa uchunguzi, na usiku twende wapi?

Mtoto asiogeshwe ndani ya saa 24 za kwanza, alale chali, na chumba chake kisiwe na jiko la mkaa, moshi wa kuni wala sigara.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunahesabu pumzi kwa dakika nzima?
2. Mguno wa mtoto mchanga unaeleza nini kuhusu mapafu yake?
3. Kwa nini tunatazama ulimi wa mtoto badala ya viganja vyake?
4. Taja mambo mawili ambayo jirani anaweza kuyashauri lakini hayafai.
5. Katika nyumba yenu, nani atabaki na watoto wengine na nani atasafiri na mama, dharura ikitokea usiku?

Swali la tano halina jibu katika kijitabu hiki. Tunawaomba mlijibu pamoja kama familia wiki hii, mama akiwa bado mjamzito, na kisha kila mmoja ajizoeze kuhesabu pumzi za mtu aliyelala, kwa dakika nzima, hadi aweze bila kubahatisha. Mtoto atakapokuja, awakute mnajua kuhesabu.